Aliyekaa Kwenye Kijivu

Picha iliingia na mtu mmoja, ikatoka na watu wawili.

Haya yalitokea kwetu Najafabad, mtaa wa wachonga mawe, na wenyewe wangali hai, kwa hiyo ukikutana nao usiwaulize kitu. Niulize mimi. Mimi nina mdomo mwepesi na nyumbani kwangu hakuna mtoto mchanga.

Asubuhi hiyo Mahrokh, mke wa Keramat, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, tumbo limefika mezani kabla yake, glasi ya chai pembeni na kipande cha sukari kati ya meno. Mumewe alichonga mawe ya makaburi uani, na Mahrokh ndiye aliyeandaa sura za marehemu zinazochongwa juu yake. Kwetu jiwe lisilo na sura ya mwenyewe watu hulipita wakinong'ona kwamba warithi walikuwa wabahili. Sasa, mashine ya Keramat haikujua rangi. Ilikuwa na sindano ya ncha ya almasi iliyogonga jiwe jeusi nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Ilipogonga palikuwa peupe, ilipopita bila kugonga palibaki peusi. Basi kila picha ilibidi igeuzwe kwanza iwe nyeusi na nyeupe tupu, na kijivu chote kiliwe. Kila punje ya kijivu ililazimishwa kuchagua upande.

Picha zenyewe nyingi zilitoka kwenye sanduku la diski za Arshak, Mwarmenia aliyewapiga picha nusu ya mji huu kabla studio yake haijafungwa. Alizihifadhi kwa namna ya zamani, na programu za siku hizi ukizipa faili zile zinakutolea macho tu. Mahrokh alikuwa na kiprogramu kimoja kikongwe kilichozifungua. Upande wa kushoto kilionyesha picha ya Arshak na kijivu chake, upande wa kulia kikaitoa ya nukta, tayari kwa sindano. Kazi ya kunywea chai.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya Nayere, binti wa Bi Gohar mkunga, aliyekufa zamani akijifungua. Jiwe lake la kwanza lilipasuliwa na baridi, na mama yake alikuja kuagiza jingine. Ndiyo picha pekee iliyobaki ya msichana huyo: amekaa kwenye kiti, mikono juu ya tumbo kubwa, nyuma yake pazia la studio. Hayo yalikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia, kando ya pazia, alisimama mwanamke mwingine.

"Keramat!" Mahrokh akaita. "Njoo umwone mke mwenzangu."

Keramat akaingia, nyusi zimejaa vumbi la mawe. "Nani?"

"Huyu hapa. Mrefu, mkavu, hana haya. Kaingia kwenye picha ya watu bila kualikwa."

Keramat akainama. "Huo ni mkunjo wa pazia."

"Mkunjo wenye pua?"

"Punguza kipimo cha weusi."

"Nimepunguza mpaka mkono umechoka. Nikipunguza anapotea Nayere. Huyu habanduki."

"Basi mfute, mwanamke! Kumfuta mtu kwenye picha nako ni kazi ya kuniita mimi?"

"Nimemfuta, nimehifadhi, nimefungua. Yupo." Akaitema sukari kwenye kiganja. Ilikuwa na ladha ya chuma. "Wewe rudi kwenye mawe yako. Ya wanawake huyawezi."

Keramat akacheka akatoka. Ndivyo walivyoishi wale wawili, kwa kupigana vijembe kutwa nzima. Ulimi wa Mahrokh ulijulikana mpaka Isfahan, na mumewe aliupenda kuliko chakula chake, ingawa ungemuuliza angekataa.

Mahrokh akaiweka kando picha ile, akafungua nyingine, ya mzee mmoja muuza peremende. Kushoto mzee peke yake. Kulia, nyuma ya bega la mzee, yule mwanamke. Akafungua ya kijana aliyevaa sare za jeshi. Yumo, na safari hii amesogea mbele. Akafungua ya maharusi, na hapo akaizima kompyuta bila kuifunga vizuri, maana kati ya bwana na bibi harusi kulikuwa na uso mmoja mpana uliokaribia kioo, pua ndefu, na macho yanayomtazama mwenye kutazama.

Hakumwambia mumewe. Aliona aibu. Angesema nini, kwamba anaogopa nukta?

Kuanzia siku hiyo nyumba ikaanza kunuka maini mabichi. Turan, mama yake Keramat, alimwaga kila kilichokuwa kwenye jokofu, akaenda kugombana na muuza nyama, akarudi akapiga deki kwa siki. Harufu ikabaki. Ilikuwa haikai jikoni. Ilimfuata Mahrokh. Akihamia sebuleni nayo inahamia, akilala inakaa kando ya mto.

"Tangu lini hulali mchana?" Turan akamuuliza.

"Tangu mwanao aanze kukoroma."

"Nijibu vizuri, binti. Uso wako umekwisha damu."

"Ni mimba, mama. Wewe ulizaa wanane, umesahau?"

Turan hakusahau kitu. Jioni hiyo aliweka kinga za wazee: alimbandika mkwewe pini kwenye kola, akachoma kitunguu kwenye kijiti cha chuma akakisimamisha dirishani, na akapiga mstari wa mkaa ukutani kuzunguka chumba chote. Mahrokh akamtania kwamba angeweza kuchora na maua. Ila pini hakuitoa.

Mchana mmoja umeme ulikatika, kama ulivyozoea kukatika kila kiangazi joto likipanda. Mtaa wote ulilala. Feni zilisimama, mbwa walijitupa chini ya malori, na jua lilimimina moto uani mpaka mawe yakawa hayashikiki. Keramat alikuwa amelala chali sebuleni, mdomo wazi. Mahrokh alikuwa macho, akihesabu mateke ya mtoto, alipoisikia sindano.

Tik. Tik-tik. Tik.

Akadhani umeme umerudi. Akainua macho akaiona feni imesimama. Akajikokota, akavaa ndala, akatoka.

Mashine ilikuwa imezimwa na waya wake umening'inia ukutani, haukuchomekwa popote, na chini ya mkono wa mashine lilikuwepo jiwe jipya lililosuguliwa asubuhi, jeusi mpaka unajiona, na juu ya weusi huo, bila kitu chochote kuligusa, nukta nyeupe zilikuwa zinatokea moja baada ya nyingine, tik, tik-tik, kwanza kama vumbi, kisha mstari, kisha mstari chini ya mstari, nywele, paji la uso, na Mahrokh akataka kurudi nyuma lakini miguu haikumsikia, akataka kumwita Keramat lakini harufu ya maini ilimjaa kooni, na jua lile la mchana kweupe likamuunguza kisogo wakati alipohisi mkono wa baridi umeingia chini ya nguo yake, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, ukibonyeza hapa, ukihama, ukibonyeza pale, taratibu, bila haraka, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Ukagusa pini kwenye kola, ukaruka.

Alipiga kelele iliyomwamsha hata mbwa wa jirani. Keramat alipofika, jiwe lilikuwa safi na mkewe amekaa chini kwenye vumbi, ameshika ubavu.

"Ananipima," Mahrokh akamwambia, sauti haifiki popote. "Keramat, yule wa kwenye picha. Ananipima ini."

Hapo hapakuwa tena na vijembe. Keramat alimbeba mkewe ndani.

Bi Gohar alikuja kesho yake kuitazama sura ya binti yake kabla haijachongwa, kama ilivyo desturi. Alikuwa bibi mfupi, mikono mipana. Nusu ya watu wa mji huu ndiye aliyewapokea walipotoka tumboni, mimi nikiwamo, na hujui heshima mpaka uitwe mjinga na mtu aliyekukata kitovu. Alikaa, akavaa miwani, akatazama skrini.

Akaivua miwani.

"Izime," akasema.

Mahrokh akaizima. Turan, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, akaiweka chini polepole.

"Siku hiyo nilikuwepo studio," Bi Gohar akasema. Alinong'ona, na mlango aliutazama. "Nilisimama kando ya Arshak, nimeshika koti la mwanangu. Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta. Hapakuwa na mtu. Baada ya siku chache uchungu ukamshika. Nilimzalisha mwenyewe, salama, mtoto katoka analia. Nikatoka nje mara moja, maji ya moto tu. Niliporudi dirisha liko wazi, na Nayere wangu mweupe kama hilo shuka. Mtoto naye hakumaliza siku."

"Usimtaje," Turan akasema haraka.

"Simtaji. Nyote mnamjua, yule anayewaibia wazazi maini." Akamgeukia Mahrokh. "Miaka yote nilijilaumu. Nilidhani aliingia nilipotoka. Kumbe alikuwepo tangu studio, amejibanza kwenye kijivu. Wale wasioonekana, walio bora kutuzidi, ndipo wanapokaa, pasipo mwanga wala giza. Na wewe, mwanangu, umekila kijivu chote. Umemvunjia nyumba. Lazima apate pa kukaa."

"Kwa hiyo nimemleta mimi," Mahrokh akasema.

"Hukujua."

"Sikuuliza kama nilijua, Bi Gohar. Nauliza kama nitakufa."

Keramat alikuwa amesimama dirishani, anakisugua kidole kimoja kwa kingine.

"Hufi," Bi Gohar akasema, "kama mumeo atafanya ninavyosema. Zamani alifungwa kwa sindano. Ukimchoma sindano ya chuma kwenye nguo, amekwisha, haendi kokote. Bibi yangu aliwahi kumwona mmoja amefungwa hivyo, anatwanga ngano kwa watu. Tatizo ni kumpata mahali pamoja." Akaonyesha uani kwa kidevu. "Na nyinyi mnayo sindano inayogonga mpaka nyumba inatikisika. Na yeye yumo pichani. Mchongeni."

"Pamoja na Nayere?" Keramat akauliza. "Bibi, hilo ni kaburi la binti yako. Utamweka naye juu ya jiwe moja?"

Macho ya bibi yalijaa, na hakuyafuta. "Mwanangu nilimpoteza tayari. Jiwe nitalizika kifudifudi mahali ninapopajua mimi. Huyu hapa bado yu hai." Kisha akamshika Keramat mkono. "Sasa nisikilize vizuri. Turan atakaa na mkeo, asome dua, asinyamaze hata akikaukiwa, mpaka sindano imalize kazi. Na wewe, utakapoianzisha mashine, usilitaje Jina la Mungu. Usiseme Bismillahi. Ukilitaja kabla hajachomwa atakimbia, na akikimbia ataingia palipo wazi. Hakuna palipo wazi kama mwanamke anayejifungua. Kichwa chake kiko juu kuliko cha Nayere, kwa hiyo kitaguswa kwanza. Ukisikia tik ya kwanza, hapo sema utakavyo."

"Bi Gohar," Keramat akasema, "mimi sijawahi kuligusa jiwe bila Bismillahi. Baba yangu angenikata mkono."

"Nilikupokea mimi ulipozaliwa, baba yako alikuwa mlangoni. Atanisamehe."

Keramat alikwenda uani kulipanga jiwe. Ndiyo kwanza anapima kona, mkewe akaguna chumbani, na maji yakamwagika chini. Wakati wake ulikuwa haujafika. Mwenye lori wa jirani akaitwa, wanawake wakambeba Mahrokh kwenda hospitali, Turan ameshaanza kusoma, midomo inakwenda mbio.

Mahrokh akamshika mumewe shati. "Wewe mtu wa mawe," akasema kati ya uchungu na uchungu. "Leo tu. Nyamaza leo tu, nitakuacha uongee maisha yako yote."

"Nitanyamaza."

"Apa."

"Naapa, Mahrokh. Nitanyamaza."

"Usitufuate!" Bi Gohar akapaza sauti kutoka kwenye lori. "Chonga!"

Keramat akabaki peke yake uani. Ilikuwa alasiri, jua limeanza kuinama, na umeme, kwa bahati, ulikuwepo. Akaipakia picha. Akamwona yule mwanamke kwenye kioo kidogo cha mashine, amesimama kando ya pazia, anasubiri. Akachukua kitambaa cha kuzuia vumbi akajifunga mdomo, akakaza fundo mpaka mashavu yakauma. Akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Wewe unayesoma, kabla hujamhukumu, jichunguze. Unapoinua kijiko unasema nini? Unapoingia mlangoni, unapowasha gari? Neno lile hatulisemi, linajisemea lenyewe. Keramat alifundishwa kulisema kabla hajafundishwa kushika nyundo, alilisema kwenye kila jiwe la kila maiti wa mji huu, na kidole chake na ulimi wake vilikuwa vimefungwa uzi mmoja.

"Bismillahi," akasema ndani ya kitambaa, na kitufe kikabonyea.

Mkono wa mashine ukaenda kulia, ukarudi kushoto. Haukugonga. Ukashuka mstari, ukaenda, ukarudi, ukashuka, na Keramat akasimama ameukodolea macho, akisubiri tik, akijiambia kwamba neno halikutoka, kwamba kitambaa kililizuia, kwamba lililobaki mdomoni si neno, na mkono ukaenda na kurudi juu ya jiwe jeusi lisilopata hata alama moja pale palipopaswa kuwa nywele, palipopaswa kuwa paji, palipopaswa kuwa macho, mpaka jasho likamloweshea kitambaa, mpaka akaanza kuiomba mashine kwa jina la mkewe, ndipo sindano ikagonga, na alipoinama kutazama, ilikuwa imegonga utosi wa Nayere.

Akakimbilia ndani kwenye kompyuta. Akafungua picha ya Nayere: pazia, na pazia tu. Akafungua ya muuza peremende, ya mwanajeshi, ya maharusi. Hakuna mtu wa ziada. Akavuta hewa kwa pua. Harufu ya maini ilikuwa imekwisha, chumba kinanuka siki na chai baridi.

Ametoka, akajiambia. Ametoka kabisa, si ndiyo tulichotaka? Kufungwa na kuondoka kuna tofauti gani?

Simu ikalia. "Keramat," sauti ya mama yake ilikuwa imepasuka. "Bado? Koo limekauka, na manesi wananifukuza mlangoni, wanasema nawatia wasiwasi wazazi wengine. Niambie tu, nisiache kama bado."

Sindano ilikuwa inagonga shavu la Nayere, kazi nzuri, safi, nukta zimekaa. Keramat alimtazama msichana yule peke yake kwenye jiwe. Angeweza kusema ukweli. Alitaka sana iwe imekwisha.

"Tayari, mama," akasema. "Imekwisha."

"Alhamdulillahi," Turan akasema, akanyamaza, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Mtoto alizaliwa jua linapozama, msichana, sauti kali, mzima. Mahrokh naye mzima. Keramat alipowaona aliangua kilio mbele ya manesi, bila haya, akambusu mkewe mikono na paji. Mahrokh akatabasamu.

"Ahsante, mume wangu," akasema.

Bi Gohar alikuja kulichukua jiwe akiwa na shuka la kulifunikia. Akamkuta binti yake amekaa kwenye kiti, mikono tumboni, na nyuma yake weusi mtupu. Akamtazama Keramat. Keramat akatazama chini. Kuna swali bibi yule alitaka kuuliza, nililiona kwa macho yangu maana nilikwenda kusaidia kubeba. Lakini uso wa Nayere ulikuwa mbele yake, peke yake, bila mtu wa kumnyemelea, na mama wa watu alikuwa ameusubiri uso huo zaidi ya nusu ya uzee wake. Akalilalia jiwe akalia. Shuka halikutumika. Jiwe likasimikwa kaburini, limetazama juu.

Nyumbani kwa Keramat ikawa raha. Turan alipika kachi, uji wa mzazi wenye siagi na zafarani, akachoma mbegu za esfandi kwenye makaa kufukuza kijicho, moshi ukajaa mpaka barabarani. Wageni walikuja, na kila aliyetoka alisema jambo lile lile: uzazi umemtuliza Mahrokh. Hapigi tena kelele, hatanii, kila kitu ndiyo mume wangu, sawa mama. Turan alimpachika mtoto pini begani, akaikuta mezani. Akaipachika tena.

"Itamchoma, mama," Mahrokh akasema kwa upole. "Ngozi yake laini."

Ni kweli, ngozi ya mtoto ni laini. Turan akaziweka pini zote kwenye kikopo. Kompyuta nayo Mahrokh hakuikaribia, alisema macho yanamuuma, na Keramat akajifunza kuandaa picha mwenyewe. Alikuwa mzito kwenye kazi ile. Mara nyingi alijikuta anageukia mlango, anasubiri kuitwa mjinga. Hakuitwa.

Siku ya kuogeshwa mzazi, Turan aliwapiga picha kwa simu, mama na mtoto, wamekaa kando ya mlango wa chumba. Picha nzuri. Keramat akataka kuichonga kwenye kipande cha jiwe jeusi kilichobaki, aitundike ukutani, iwe zawadi. Mkewe akamwambia asijisumbue. Yeye akaona ni unyenyekevu. Mchana, nyumba ikiwa imelala, akaingia kwenye kompyuta, akaiweka picha kushoto, akabonyeza.

Kulia nukta zikajipanga.

Mtoto alikuwa mtoto, ngumi ndogo, macho yamefumba. Aliyempakata alikuwa na mikono mirefu kuliko mikono ya watu, na pua ndefu, na uso mpana uliotazama moja kwa moja mbele, umetulia. Na nyuma yake, kando ya mlango, pale ambapo kwenye simu palikuwa na kivuli cha kijivu na hakuna kingine, alisimama Mahrokh. Alivaa gauni lile alilokwenda nalo hospitali. Mdomo wake ulikuwa wazi, shingo imekaza, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea kwa mtoto. Alikuwa anasema kitu. Keramat, aliyeujua ulimi wake miaka yote, akasogeza uso kwenye skrini, akajaribu kuusoma mdomo ule, na akausoma. Lilikuwa jina lake mwenyewe, Keramat.

Akageuka kuitazama mashine kupitia dirisha. Sindano ilikuwepo. Umeme ulikuwepo. Ila picha ilikuwa moja, na sindano haijui kubagua. Kumgonga yule ni kumgonga na mtoto kifuani pake, na Mahrokh nyuma, wote watatu, kwenye jiwe, wasitoke tena.

"Keramat," sauti laini ikaita kutoka jikoni. "Chai tayari. Uko wapi, mume wangu?"

Aliitika. Angefanya nini? Alisikia mtoto akicheua maziwa begani kwa yule aliyemwita, na mkono ukimpigapiga mgongoni, taratibu, bila haraka.